Ulishakubali, Mama

Kwihara, Jumanne

Nimekubali lini, na simu sina?

Ndivyo nilivyomuuliza binti wa ofisi ya kata leo, nilipofuata hati ya shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Aliangalia kompyuta yake, akasema kwa upole, "Mama, mfumo unaonyesha shamba lina jina la Luhende. Ujumbe wa kuomba ridhaa yako ulitumwa, na ulishakubali."

Luhende ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Siku ya kuandikisha mashamba niliitoa namba yake ya simu mimi mwenyewe. Huku kwetu mjane husemewa na shemeji, nikadhani hata kwa serikali ni vivyo hivyo. Maofisa walipotangaza kwamba safari hii hakuna atakayeachwa nyuma, nilipiga makofi kuliko wote.

Basi ujumbe ukamfikia yeye. Akajibu ndiyo, kwa jina langu. Kisha akaendelea kuja kula ugali hapa na kuusifu mlenda wangu.

Mchana nilimtafutia udhuru huku namenya karanga. Labda hakuelewa. Labda alibonyeza tu. Lakini Luhende huyu ninayemjua mimi... Hapana, alielewa.

Naogopa. Mvua zikianza nitalima wapi?

Ila kinachoniuma zaidi ni jioni. Alipoingia uani nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, mdomo ukanitangulia.

"Marahaba," akaitikia, akauliza kama leo kuna mlenda.

Nikampakulia.