Nafasi Niliyoikataa kwa Adabu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Machi 1982

Mpendwa mdogo wangu Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako niliipata na ninaiitikia: marahaba, na marahaba tena, maana siku hizi hapo ndipo mahali pekee ninapokuwa juu yako. Hujambo? Kifua kile chako cha kukohoa Juni nzima kinasemaje huko kwenye theluji? Unalala?

Sisi tu wazima. Mke wangu Josepha mzima, watoto wazima. Mama yako Severa kule Kibosho naye mzima, ila mguu bado unamsumbua. Mimi pia ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayoumwa, na ugonjwa wenyewe ni wewe.

Kadi yako ya Salzburg imefika. Josepha ameibandika dukani, juu ya mizani, pale ambapo kila mteja lazima aione. Mtu anakuja kuulizia sabuni, sabuni yenyewe hakuna, anaondoka na habari za ngome juu ya mlima na mto unaopita katikati ya mji. "Mangi, ndugu yako ndiye anaishi hapo?" Nikaigeuza itazame ukuta. Josepha akaigeuza tena. Tumeendelea hivyo wiki nzima bila kusemezana.

Halafu ikaja barua, ndiyo ikanimaliza kabisa. Unaniambia kengele za makanisa zinajibizana asubuhi, na kwamba umeingia nyumba aliyozaliwa yule mtunzi wao mkubwa ukaiona fidla yake ya utotoni. Unaniambia mji ule ulitajirika kwa chumvi, chumvi ikajenga makanisa. Hapa, Tarsis, juzi nimepanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Nafika mlangoni, sukari imekwisha. Nikarudi nyumbani kusoma habari zako za keki za chokoleti. Una roho gani wewe?

Nina wivu. Ninasema wazi kwa sababu wewe ni damu yangu na huwezi kunitangaza. Kila unapoandika "kaka, ungeona", kifua kinawaka. Ningeona! Ningeona, kama siku ile ningekuwa na akili.

Maana nafasi ilikuwa yangu, na wewe unajua. Padre aliponiita baada ya misa akaniambia wenzake wa Salzburg wanataka mwalimu mmoja wa kwaya akasome mwaka mzima, nilijibu kama mtu aliyelelewa: "Aa, Padre, mimi nani? Wapo wenzangu, yupo hata huyu Tarsis." Nikainamisha kichwa, nikasubiri asisitize. Kwetu ukimkaribisha mtu chakula anasema ameshiba. Unamvuta mkono, anakataa tena, unamvuta, anakaa, anakula mpaka ukoko. Padre angekuwa mtu wa kwetu angenivuta mkono. Yeye akaniambia, "Asante kwa unyenyekevu wako," akaandika jina lako papo hapo. Na kalamu nilimwazima mimi!

Na wewe nilipokuletea habari hukusema hata mara moja, "Hapana kaka, nenda wewe." Ulisema, "Lini?" Hilo bado linanikera. Mimi niliyekufundisha do re mi kwa kugonga debe nyuma ya duka, ati unaniuliza lini!

Uliandika pia kwamba ndani ya kanisa lile kuu ukiimba nota moja, sauti inapanda hadi kwenye kuba na kukaa huko kidogo kabla ya kushuka. Hilo lilininyima raha kuliko keki. Jumatatu nikaenda sokoni, hili soko letu jipya lenye paa la miavuli ya zege, ambalo nalipita kila siku bila kuinua macho. Nikalitazama kama mgeni. Ndugu yangu, ni zuri kweli! Nikashuka kule chini shimoni, nikasimama kati ya magunia ya vitunguu, nikatoa do moja ya chini, ndefu, nikasubiri irudi. Aliyerudi ni Mwanamkuu, yule muuza nyanya: "Mangi, umepatwa na nini? Sala peleka kanisani, hapa unaziba njia!" Wachukuzi wakacheka mpaka wakatua mizigo. Ilibidi ninunue nyanya ili niondoke na heshima.

Sasa hili la wimbo. Unasema mwalimu wenu wa kwaya huko alikusikia ukiimba wimbo wangu wa matoleo huku unaosha vyombo, akaupenda, na anataka wauimbe Pentekoste katika kanisa hilo hilo. Wewe unaijua sauti yako ya tatu tu, kwa hiyo nikuandikie zote nne. Niliposoma hapo nilifunga duka mchana kweupe. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikakasirika mpaka njaa ikakatika. Wimbo wangu uingie mlango mkubwa wa Salzburg, mimi nibaki huku napima dagaa!

Josepha akaniambia, "Basi mnyime," kwa dharau ile yake unayoijua. Hapo nikajua siwezi kukunyima. Mkiuimba kwa kubahatisha nitaumia zaidi.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, safi, nota kwa nota. Kabla hamjaimba, jina langu lisomwe kwa sauti, lote, na lisikatwe.

Besi sijaandika. Haijawahi kuandikwa popote, naiimba mwenyewe kila Jumapili, na kila Jumapili naibadili kidogo. Mwambie mwalimu wenu kwamba sauti hiyo haiendi kwa posta. Akiitaka, amwite mwenyewe. Na akikuuliza kama kaka yako atakubali kuja, usinijibie kwa adabu hata kidogo.

Candida, dada yako, anakusalimu sana. Gaudens na wote wa kwaya wanakusalimu, wanauliza kama theluji inalika. Mama Severa anasema uvae soksi. Mungu akulinde huko uliko, akutunzie hicho kifua, na hata hayo makanisa uendelee kuyaona. Nakuombea kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe umenuna.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuonea wivu,

Onesphory

Nyongeza: Picha za pasipoti nimepiga jana kwa Pankaj. Nimevaa tai.