Sauti ya Mama Kwenye Kikao

Bujonde, Kyela
14 Juni

Kaka Zebedayo,

Ugonile, kaka. Natumaini wewe na wifi Doreen mko wazima huko Tunduma. Sisi hatujambo, mvua imepungua na kakao tumeanza kuianika. Habari niliyo nayo sikutaka ikatikekatike kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Unajua tangu kiharusi kimfunge mama ulimi, anaelewa kila kitu lakini neno halitoki. Baba mdogo Andrea akaanza kusema kwamba asiyeweza kuongea hawezi kusimamia shamba, bora alichukue yeye. Akaitisha kikao cha ukoo.

Wakati huo nilikuwa najifunza kutengeneza programu kwa Mwalimu Generosa, yule mama wa Bukoba anayefundisha kompyuta Mbugani. Nikamweleza ninachotaka: mama abonyeze picha, tableti imsemee. Ya kwanza ilinitoa jasho. Sauti ikianza, skrini yote inaganda mpaka imalize. Mwalimu akanielekeza niipe sauti njia yake, ili skrini iendelee kusikiliza kidole. Vitufe nikavikuza, maana mkono wa kushoto aliobaki nao mama haujazoea kazi.

Siku ya kikao baba mdogo aliongea sana. Alipomaliza, mama akavuta tableti, akabonyeza picha moja, kisha nyingine, taratibu: "Shamba ni langu. Sitoi. Lusungu atanisaidia." Shangazi Naomi akaanza kulia. Baba mdogo akabisha kwamba ni mimi niliyempangia mama maneno. Mama akamtazama, akabonyeza tena: "Andrea, kaa chini." Akakaa. Kikao kikaamua shamba libaki kwa mama.

Sasa nikufunulie kilichomliza shangazi. Sauti ile haikuwa yangu wala ya mashine. Ni ya mama mwenyewe. Zile jumbe za sauti alizokuwa akikutumia, ambazo nilikuomba bila kukueleza sababu, nimezikata neno kwa neno. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unamtunzia mama maneno yake. Lile "kaa chini" alikuwa akimwambia mbwa, lakini hilo baba mdogo asilijue.

Ndaga fijo, kaka, asante sana. Shangazi anawasalimu nyote. Mama naye jana alikaa barazani akibonyeza, "Zebedayo, mwanangu, umekula?" Akasikiliza, akabonyeza tena. Anangoja umjibu.

Mdogo wako akupendaye,
Lusungu