Simu Yako Imepita Mikononi Mwangu

Shoga upo?? Afadhali ulinipa hii namba yako mpya.

Simu yako uliyoporwa Jumanne imeletwa hapa dukani kwetu tunapotengeneza simu. Kwangu mimi! Kaileta yule wa genge la waporaji, mwenye kovu shavuni, anataka niifute kila kitu.

Na mimi kwa ujinga wangu nikabonyeza namba yako ya siri, ile niliyokuwekea mwenyewe. Vidole tu vilijiendea! Ikafunguka.

Akaniuliza, "Umejuaje?"

UMEJUAJE! Nikasema nimebahatisha. Akacheka. "Basi bahatisha na kunyamaza. Mama yako tunamwona kila asubuhi akifungua kioski."

Bosi yupo pembeni, katulia kama maji ya mtungini, anachomelea waya alioshamaliza kuuchomelea. Na ndiye anayetuhubiria ujasiri kila siku! Nimechoka mie. Mji wetu wenyewe, tunaishi kama wageni waliokosea mlango.

Simu nimempa. Nitukane ukitaka.

Ila kabla ya kumpa nilimdanganya kwamba kufuta kunachukua nusu saa, nikaichomeka kwenye kompyuta. Picha zote za marehemu baba yako ninazo, hata ile ya wodini anacheka.

Zinakuja sasa hivi. Ukilia, lia kimya, na usimwambie mtu ulikozipata.