Kuku wa Kwenye Filamu ya Krismasi

Kalenga, 2 Desemba 2024

Mke mwenzangu Yusta,

Kamwene. Habari za Mbeya na baridi yake? Mimi mzima, ila goti linabishana na mvua. Anayeandika ni jirani yangu, Mwalimu Rozalia. Nimemkataza kunilainishia maneno.

Ile filamu yako ya Krismasi tumeiona kwenye runinga ya Rozalia, watu tumejaa mpaka mlangoni. Kwanza mazuri. Mvua ile juu ya bati ni mvua yetu kabisa. Na binti alipopiga hodi kwa bibi yake, nilifuta kamasi kwa khanga.

Sasa mabaya. Watu wanavuna mahindi Desemba! Nani anavuna Desemba? Sisi tunapalilia. Na viatu vya yule mchumba, Nasri, vyeupe kama vya bwana harusi, njia nzima ya matope! Bibi naye kaambiwa tu "huyu ndiye", hapohapo analia na kukumbatia. Hajauliza ukoo. Hata mbuzi tunauliza katoka zizi gani.

Kubwa kuliko yote ni kuku. Nasri Mwislamu, bibi Mkristo, kuku analetwa kashaiva, na kijana anatafuna tu bila kuuliza nani kachinja. Uongo huo, Yusta.

Bibi yako

Mbeya, 6 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, lipashe moto. Mimi sijambo.

Umenichapa, lakini umesema kweli. Tulipiga picha Julai, mahindi yamekauka, maana kituo kiliitaka filamu mapema. Matope tulimwaga maji kwa ndoo, na viatu vilikuwa vya kuazima. Mvua uliyoisifu ni ya bati lako mwenyewe. Niliirekodi kwa simu mwaka juzi ukiwa umelala. Bibi kakubali upesi kwa sababu filamu ya Krismasi ni dakika tisini, na watu wanataka kwenda kulala wamefurahi.

Kuku ni kosa langu. Hata Habibu alinicheka siku nzima.

Mjukuu wako

Kalenga, 9 Desemba 2024

Yusta,

Marahaba. Goti limepona kwa hasira.

Habibu ni nani?

Bibi yako

Mbeya, 12 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara nne.

Habibu ni mtoto wa mzee Muhidini, muuza vitambaa wa Mbalizi. Tuko pamoja mwaka wa pili, anataka kunioa. Ni mtu wa swala tano. Jumapili hunisindikiza mpaka mlango wa kanisa, akakaa nje kunisubiri.

Niliogopa kukuambia. Mama mdogo alipoolewa na Mwislamu, hukutaja jina lake miaka sita. Nilikuwa mtoto, lakini nilihesabu. Ndiyo maana niliandika bibi anayekubali kwa dakika moja. Nilitaka nimwone, japo kwenye runinga.

Krismasi nije naye, au nisije?

Mjukuu wako

Mbeya, 18 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo. U mzima kweli? Basi la jana halikuleta kitu, la leo pia. Kama ni hapana, niandikie hapana.

Yusta wako

Kalenga, 21 Desemba 2024

Mke mwenzangu,

Kamwene. Unalialia nini? Sikuwepo nyumbani. Nilikwenda Makambako kwa mama yako mdogo. Miaka sita ile niliifanya mimi, na sikuwahi kuiombea radhi. Safari hii nimeiomba, mbele ya mumewe. Mama yako mdogo akaniuliza kama goti bado linauma, akaniwekea maji ya moto. Basi, imekwisha. Wala hatukukumbatiana. Weka hiyo kwenye filamu yako ijayo.

Habibu aje. Usimdanganye kwamba nimekubali: nitamuuliza ukoo, nitamuuliza mtakavyoishi na dini mbili, na jembe nitampa tuone kama anajua kupalilia. Posa ni ya mshenga, mtu mzima mwenye mvi. Asije akapiga magoti kwenye matope yangu kama yule Nasri. Na avae viatu vinavyochafuka.

Mama yako mdogo anakuja pia, na mumewe.

Sufuria nimenunua mpya. Rozalia alitaka kumchinja jogoo mwekundu mapema tumalize kazi, nikamwambia koma. Jogoo nimemfunga nyuma ya jiko, anakula na kunitukana. Anamsubiri Habibu amchinje kwa mkono wake, ili tule wote.

Bibi yako