Mama Mkwe, Gari Lako Limefika Mombo

Mama,

Shikamoo.

Nimekaa kwenye kivuli cha stesheni ya Mombo, mgongo nimeuegemeza kwenye gurudumu la gari lako. Makabichi na viazi vimeshashushwa, tunangoja treni ya Tanga. Arobaini yako tuliisoma wiki iliyopita. Watu walikuja mpaka wa Mlalo, na wali haukupungua.

Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako Lukozi sikuwahi kukusemesha hivi, wewe na mimi tu. Mkwe hakodolewi macho. Nikiingia uani, ulijifunika kanga ukageukia ukuta. Nikikuona njiani, nilijibanza kwenye migomba mpaka upite. Maneno yetu yote yalipita kwa Zaina. "Mwambie mume wako," ndivyo ulivyoanza, hata nikiwa nimesimama papo hapo. Nami nilikuwa nikijibu, "Mwambie mama." Zaina alikuwa akicheka, anasema tumemgeuza waya wa simu. Sasa yeye hawezi tena kukufikishia neno, ndiyo maana nimechukua kalamu mwenyewe.

Kwanza nikuambie kwamba gari ni zima. Leo limeshuka kona zote za Soni limejaa, na halikuchemka. Wanawake wa Lukozi hawatembei tena na vikapu kichwani hadi Lushoto. Wanapanda nyuma, wanaimba, wanagombana, na mimi wananitukana kwa Kishambaa wakidhani Mbondei kama mimi hasikii.

Nakumbuka nilivyolikuta gari hili nilipokuja kumwoa Zaina. Baba yake alilinunua kwa jeshi la Mwingereza vita vilipokwisha, gari fupi la kijani ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta. Watu waliniambia lilivyokuwa likipita kwenye matope ambako malori yalilala wiki nzima. Kisha dereva mmoja akalipandisha Magamba bila maji, injini ikapasuka, na kabla haijapatikana nyingine, baba mwenyewe akafariki. Mimi nilikuta mgomba umeota mbele ya bampa, na kuku wako wanataga kwenye kiti cha dereva.

Shemeji yako, mzee Hoza, alitaka liuzwe kama chuma chakavu. Alikwisha kumleta mtu wa kulikatakata. Nakumbuka ulivyosema nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sauti ya kusikika na kila mtu pale uani:

"Zaina, mwulize mume wako. Gari hili limekufa, au linaumwa?"

Nikalala chini ya gari nikaligonga kila mahali. Chesisi ilikuwa nzima. Giaboksi nzima, ekseli zote mbili nzima. Nikatoka na utando wa buibui kichwani nikasema, "Mwambie mama kwamba moyo ndio uliokufa. Mwili u hai."

Nikasikia unasukuma kuni jikoni. Halafu ukasema, "Basi atafute moyo."

Yule mnunuzi wa chuma aliondoka siku hiyo hiyo. Mzee Hoza hakunisalimia mpaka mwezi ukaandama.

Injini ya petroli ya namna ile haikupatikana, na hata ingepatikana, petroli yenyewe ingetumaliza. Lakini mimi, Mama, nilikulia kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza, nikifanya kazi kwenye mitambo ya dizeli. Nikasikia kwamba Mgiriki wa Shume anafunga kabisa kiwanda chake cha mbao, na injini ya dizeli iliyokuwa ikizungusha msumeno imebaki bandani. Nilimwambia Zaina tu, tukiwa tunakula. Asubuhi ulikuwa umeshatoka. Ulikwenda Shume kwa miguu ukiswaga ng'ombe wako wa maziwa, na jioni ukarudi bila ng'ombe. Ulimwambia Zaina, "Mwambie mume wako injini yake iko tayari. Akaichukue kabla yule Mgiriki hajageuza mawazo."

Sikula usiku ule. Watoto wa nyumba nzima walikunywa maziwa ya ng'ombe yule. Injini ikikataa, ningekuwa mgeni aliyekuja kumla mjane. Mzee Hoza alikwisha kuanza kusema hivyo kilabuni na kwenye baraza ya jumbe. "Injini ya mbao," alisema, "itapasua mbao humo humo ndani ya gari."

Na kweli ilikataa, Mama. Unakumbuka. Vishikio vyake havikuoana na chesisi. Matundu ya boliti hayakuoana na giaboksi hata moja. Nikachora umbo kwenye boksi la sabuni, nikaenda gereji ya Lushoto wanikatie bamba la chuma la kukaa katikati, upande mmoja matundu ya injini, upande wa pili ya giaboksi. Bamba la kwanza lilikosewa unene na klachi ikabana, nikarudi. Halafu injini yenyewe ilikuwa nzito, springi za mbele zikalala kabisa, nikaongeza majani mengine ya chuma. Kila niliporudi kutoka Lushoto nilikuta chakula kimefunikwa juu ya boneti. Hukuuliza kazi imefika wapi. Nashukuru zaidi kwa kutokuuliza kwako kuliko kwa chakula.

Sasa ile siku ya kuishusha injini ndani. Hatujawahi kuitaja, si mimi, si wewe, si Zaina, na leo nataka kuitaja.

Tulikuwa tumesimamisha miti mitatu na mnyororo. Vijana wanne walishika kamba. Wewe ulikuwa umekaa kule migombani, umetupa mgongo, unamenya maharage kama huna habari na sisi. Injini ikashuka polepole, nami nimeingiza mkono katikati yake na giaboksi, naongoza shafti ya giaboksi iingie mahali pake. Mti mmoja ukateleza kwenye tope. Nilisikia vijana wakipiga kelele tu. Kisha nikasikia sauti yako.

"Athumani! Toa mkono!"

Nilipogeuka ulikuwa umefika, sijui ulifikaje. Ulikuwa umeusukuma mchi wa kinu chini ya injini na umeulalia kwa uzito wako wote, kanga imeanguka, kichwa wazi, umenitazama usoni. Nikatoa mkono. Mchi ukavunjika, na injini ikakaa kwenye chesisi kwa kishindo. Ukucha mmoja tu ndio uliobaki mle ndani. Ukaokota kanga yako ukajifunika, ukarudi kwenye maharage. Nilisikia unasema, "Zaina, mpe mume wako maji ya chumvi."

Mama, vidole hivi vinavyoandika barua hii ni vyako. Sikuweza kukuambia kwa kupitia mtu. Asante.

Ilipofika siku ya kuwashwa, injini haikuwaka. Tukalisukuma gari mteremkoni kuelekea shule, injini haikuwaka. Mzee Hoza alikuwa amesimama juu ya kingo za njia na wenzake, mikono nyuma. Nikafungua mabomba ya dizeli moja moja nikitoa upepo, maana dizeli ikiingiwa na upepo kidogo tu, nozeli hazirushi kitu. Tukalisukuma tena. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika. Ilinguruma kama vile iko Shume inapasua magogo. Kuku walikimbilia bondeni na wengine hatujawaona mpaka leo. Wanawake walipiga vigelegele, na katikati ya vigelegele vile nilisikia chako, kirefu kuliko vyote, kutoka nyuma ya ukuta.

Mzee Hoza alishuka kwenye kingo akalizunguka gari mara mbili. Akasema, "Ni la polepole."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ni la polepole, lakini halichoki."

Akafungua mlango akakaa mbele. Ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza.

Mwaka huu ulipoanza kuumwa, ulikataa kulazwa nyuma juu ya magunia. Ulisema wewe si kiazi. Ukakaa mbele, Zaina katikati yetu, kanga umeivuta mpaka puani. Tangu kijiji cha Malindi hadi juu ya Magamba ulitazama dirishani tu. Mimi nilikuwa nakanyaga mafuta niwahi hospitali. Ukungu ulikuwa umeondoka, matuta ya viazi yanaonekana mpaka mbali kule, na moshi wa majiko ya asubuhi. Hapo ukasema, bila kumpitishia Zaina, "Usikimbize, mwanangu. Acha niangalie."

Nikapunguza. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Sijui kama nilifanya vizuri, lakini daktari wa Lushoto alituambia kwamba haraka isingebadili kitu. Ulikaa hospitali siku chache, Zaina akiwa pembeni yako. Nami ndiye niliyekurudisha nyumbani, kwa gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne yakivuta kwenye tope, watu wakisimama kando ya njia wamevua kofia. Gari halikukurusha hata mara moja. Nililiangalia hilo.

Tangu uondoke kumetokea mengine. Baada ya dua ya arobaini, wazee walikaa kuzungumzia mali. Nilikuwa nimeshafunga virago vyangu moyoni. Mgeni ni mgeni, nilijua watalichukua. Mzee Hoza ndiye aliyesimama. Alisema, "Gari hili ni la Zaina na mumewe. Anayelitaka aanze kwa kuleta ng'ombe." Watu walicheka, mambo yakaisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, Mama, kama mtoto.

Na jambo lingine, usikasirike. Zaina anajifunza kuendesha. Alianza yeye mwenyewe kuniomba. Juzi aliliwasha, akaondoka peke yake kwenye tambarare ya soko, akaligeuza, akarudi. Wanaume sokoni waliacha bei zao wakatazama. Aliposhuka, uso aliuinua. Kwa mbali ulikuwa wewe.

Naahidi nitamfundisha mpaka azijue kona za Soni zote, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Na maadamu mmoja wetu ana nguvu za kushika usukani, hakuna mgonjwa wa Lukozi atakayebebwa tena kwa machela ya miti. Hata yule anayenitukana kwa Kishambaa.

Nasikia treni inapiga honi, na Zaina ananiita nikapakie. Mwenyezi Mungu akupe nafasi na mwanga huko uliko. Kwaheri, Mama. Karatasi hii nitamsomea Zaina njiani tukipanda, tukisimama Soni kupumzika. Safari hii, yeye ndiye atakayesikiliza tu.

Mimi mkweo, ambaye siku moja juu ya Magamba ulimwita mwanao,

Athumani