Jiwe Lililokuwa Miguuni Pangu

Jumamosi, 7 Agosti 1982

Josephati aliniahidi Pangani. Nione mji wa kale na bahari kabla sijajifungua. Kibali cha petroli kimetosha Engaruka tu! Mji wa kale upo, anasema, bahari utaiwazia mwenyewe. Mume gani huyu.

Hata hivyo tumefurahi. Landrova polepole, viazi vya kuchemsha, chai kwenye chupa. Magofu ya mawe hadi mlimani, na wenyewe hawajulikani walikokwenda. Hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Upepo ukivuma, kama watu wengi wanaongea chinichini — ukitulia, nao wananyamaza. Mtoto alicheza sana tumboni.

Breki ya mkono haishiki. Josephati akachukua jiwe kutoka kwenye lundo kando ya njia, akazuia nalo tairi. Juu yake kulikuwa na majani mabichi, yamechumwa muda huohuo. Nikageuka — nani? Wakati wa kuondoka akalipakia. Jiwe zuri, litatufaa nyumbani. Lilikaa miguuni pangu hadi nyumbani Karatu. Lina kishimo, kidole gumba kinaingia sawasawa.

Jumapili, 8 Agosti

Mtoto hachezi.

Jumanne, 10 Agosti

Bado. Nashilu, nesi wa zahanati, amesikiliza tumbo muda mrefu. Moyo unapiga, anasema, ila kwa mbali. Akauliza nilikwenda wapi. Nilipotaja jiwe la kwenye lundo akaacha kuandika. Yeye ni Mmasai wa Malambo. Lile lundo, anasema, ni kaburi la mkubwa wao; kila apitaye huweka jiwe, au majani.

"Pale watu huongeza, Katarina. Hakuna anayepunguza."

Nimemwambia Josephati. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Lirudi, akasema, lakini petroli iko wapi? Mimba mbili zimeshatoka. Hii nayo ikitoka sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Alhamisi, 12 Agosti

Josephati amepata lita ishirini misheni. Ametoka alfajiri, bado giza, akachomoa jiwe kwenye tairi, akalitia guniani, huyo. Nimemshukuru Mungu.

Saa nne. Nimeingia jikoni kumsaidia mama mkwe. Anajisifu. Figa lake lilipasuka Jumapili asubuhi, akachukua jiwe lililozuia tairi ya gari, akaweka lingine la shambani mahali pake.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu, mwanangu."

Nimeinama. Kishimo kilekile, kimejaa masizi. Siku tano nanywa uji uliopikwa juu yake.

Josephati ameshapita Mto wa Mbu. Anawapelekea jiwe la shamba letu.

Nikamwomba mama auzime moto. Ngoja uji uchemke, akasema. Nikakaa karibu — mtoto akapiga teke. Moja. Kuni zikalia, akapiga tena. Moto ukashuka, akatulia. Nimengoja. Kimya.

Mama ameshika ukuni. Ananishangaa, naandika huku nalia. Anauliza, auzime au aongeze?