Kope ya Kanku

Sandoa, 3 Mei 2023

Rachelle binti yangu,

Uko muzima? Huko Kolwezi, soko ya Manika inaendelea? Mi niko, ni magoti tu.

Mtoto wako Kanku anakula bukari vizuri, lakini ile kope ya kushoto ingali imemuangukia jicho tangu kuzaliwa. Sasa anatembea kidevu juu ndipo aone njia. Batoto banamwita Kiburi. Infirmier wetu wa zahanati, Tata Ntambwe, anasema sasa amefika miaka ine. Kama kope haipandishwi, ile jicho itasahau kuona. Atamuleta kwako Kolwezi yeye mwenyewe. Nyumbani tuko sisi wawili tu, lakini umuchukue.

Mama yako

Kolwezi, 20 Juni

Mama,

Magoti imepata nafuu? Sisi tuko wazima.

Juma iliyopita balimupasua. Balimulaza usingizi, bakafunga kope kwa uzi mpaka kwenye nyama ya paji la uso. Siku ya tatu uvimbe ukashuka, jicho ikafunguka. Akaniangalia sana, akauliza:

“Mama iko wapi?”

“Ni mi, mama yako.”

“Hapana. Ule wa Sandoa.”

Nilimuacha na mwaka mumoja, Mama.

Akilala, jicho haifungi yote, namupaka pomade, dawa ya jicho. Mchana nafunika ile nzima, ili hii dhaifu ijifunze. Dokta anataka kumuona kila mwezi, mpaka afike miaka saba.

Binti yako

Sandoa, 9 Julai

Rachelle,

Salamu zako nimezipata. Tunamushukuru Mungu.

Miaka tatu ni mingi kwa mtu wa umri wangu, lakini jicho ni lake. Usimurudishe. Akiniulizia, mwambie niko safari. Hapa hakuna habari mupya. Napika kidogo, na bado inabaki.

Mama yako

Kolwezi, 12 Novemba

Mama,

Uko namna gani? Barua mbili hukujibu. Tata Ntambwe anasema hauko mugonjwa.

Jana Kanku aliniita mama mbele ya batu, sokoni. Nilifurahi, halafu nikakukumbuka wewe, nikaona haya. Nyumba yangu ni ndogo, lakini kuja. Hata juma moja.

Binti yako

Sandoa, 1 Desemba

Rachelle,

Mi muzima, usiogope.

Lori ya Kolwezi ilipita Alhamisi. Nilipanda, nikakaa mbele karibu na shofa. Injini ilipowaka, nikaomba kushuka.

Muache kwanza akuzoee.

Mama yako